Viazi Vilivyotolewa Jasho Tanurini

Haya ni kweli tupu. Sikuyasikia kwa jirani wala sikuyaota, na kama humu ndani nimetia chumvi hata ya kunusia, basi kiazi changu cha leo jioni kiliwe na mtu mwingine, polepole, mbele ya macho yangu. Wanaojua ninavyokipenda kiazi hicho wanajua sijaapa kwa mchezo.

Palikuwa na mwokaji mikate mmoja mstaafu, watu wakimwita Hamira. Jina hilo hakulipata kwa kazi yake, alilipata kwa mdomo wake: jambo lolote likipita hapo lazima lifure. Akiona panya asubuhi, mpaka habari ifike mtaa wa pili panya ana pembe. Ndiye aliyewahi kuumua donge likainua bati la paa la bekari, wafanyakazi wakalikalia kwa zamu mpaka mvua ikapita. Hilo nalo ni kweli. Bati lenyewe bado lipo, mwenye shaka akaliangalie.

Maisha yake yote alikanda unga kwa mikono, na mikono ikamlipa kwa kunenepa. Ngumi yake akiikunja, unaona mkate mdogo umekaa mezani. Ishike ngumi hiyo akilini, tutaihitaji.

Alipostaafu, bekari alimwachia mkwewe, mume wa binti yake, mtu mpole asiyejua kumkatalia mzee. Lakini kichwa kustaafu ni jambo moja, miguu kukubali ni jambo lingine. Kila alfajiri miguu ilimtoa kitandani ikampeleka bekari "kulisalimia tanuri." Alfajiri moja alikuwa amesimama pale mlangoni pa tanuri, anamsimulia mkwe habari ya mkate uliowahi kumfuata mnunuzi hadi kwake, mara pua yake ikanusa mpira unaungua.

"Mkwe, leo unaoka matairi?"

"Mzee, ni ndala yako hiyo! Toa mguu!"

Akatazama chini. Alikuwa amekanyaga ukingo wa trei iliyotoka motoni muda huohuo. Soli imeyeyuka, kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeota lengelenge, naye hakusikia hata joto. Angeendelea na hadithi mpaka mwisho. Hapo ndipo mkwe alipoacha kucheka. Sukari ilikuwa imeitafuna hisia ya miguu ile kimyakimya, kama mchwa ndani ya mlango: kwa nje rangi bado inang'aa.

Lengelenge likawa kidonda, na kidonda kikagoma kufunga. Daktari wa kliniki ya kisukari alikiinamia, akakibonyeza pembeni, akasema bila kuzunguka: "Sukari isiposhuka, hiki hakitapona. Na kisipopona, kliniki ijayo itabidi tuzungumze habari ya kukiondoa kidole."

Hamira hakuogopa. Hili niliweke wazi mapema ili pasiwe na maneno. Hakuogopa hata chembe. Alikuwa na shughuli nyingi tu. Alipotoka kwa daktari alikaa kwenye benchi, akainuka, akakaa benchi la pili, akainuka, akaenda kusoma bango la watoto wachanga na chanjo, akalisoma tena kuanzia chini kwenda juu. Mkewe, mshonaji aliyeitwa Sindano mtaa mzima kwa kazi yake na kwa ulimi wake, alimvuta shati.

"Kaa, mume wangu. Unawatia watu kizunguzungu."

"Nanyoosha miguu."

"Huo mguu ndio tuliambiwa uupumzishe."

Nesi akawaita. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na macho yasiyokwepa. Akasafisha kidonda, akafunga bendeji, kisha akaanza kuuliza habari za sahani. Asubuhi anakula nini? Viazi mviringo vya kukaanga. Mchana? Viazi vya kuponda, na mkate wa kusindikizia. Jioni? Hamira akatazama dari. Sindano akamjibia: "Vilivyobaki mchana."

"Sawa," nesi akasema. "Dawa endelea kumeza kama ulivyoandikiwa. Ila kwenye sahani, hivyo viazi mviringo tuviweke kando, uchukue viazi vitamu."

Hamira akamgeukia mkewe, akamrudia nesi. "Mwanangu, mimi nina sukari, wewe unanipa kiazi ambacho utamu umo kwenye jina? Nimekukosea nini?"

"Jina halipandishi sukari, baba. Kikichemshwa na maganda yake, kinapanda taratibu kuliko hivyo unavyoponda. Lakini sikiliza: kuchemsha. Na ukubwa wa ngumi yako, basi. Kingine chote kwenye sahani kiwe mboga za majani na maharage. Kiazi kitamu si dawa, ni chakula. Ukikijaza sahani, tutarudi palepale."

"Ukubwa wa ngumi," Hamira akarudia, akiitazama ngumi yake kwa mapenzi.

Kwa hiyo viazi mviringo vikahama nyumba. Sindano alivigawa kwa majirani siku hiyohiyo, kapu likarudi na viazi vitamu, vyekundu kwa nje, udongo bado umekauka juu yake. Akaviosha, akavitia sufuriani na maji, akafunika. Hamira akasimama mlangoni pa jiko akivitazama vinavyotokota kwa uso wa mtu anayeshuhudia ndugu yake akizama.

Ieleweke hapa: mwokaji na maji ya kuchemsha ni paka na mvua. Kwake yeye moto mkavu ndio chakula. Kuchemsha kitu ni kukifua kama nguo. Alikila kile kiazi cha kwanza kwa adabu, akatafuna, akameza.

"Vipi?" Sindano akauliza.

"Kimelowa."

"Kimeiva."

"Vyote viwili vinaweza kuwa kweli."

Siku zilizofuata nyumba haikupata utulivu. Hamira alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, akalirudisha. Alitia mafuta bawaba zisizolia. Alikuwa na viatu vyeusi vya kwenda kwenye shughuli. Akavitoa, akavipaka rangi, akavisugua, na cha kushoto akakisugua mara mbili ya cha kulia, ingawa kwa bendeji ile mguu wa kushoto usingeingia hata kwenye ndoo. Mkewe kwenye cherehani aliona, akaendelea kukanyaga pedali. Kila baada ya muda Hamira aliinama, akasogeza ukingo wa bendeji, akachungulia, akafunika haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Nimeshasema hakuogopa.

Siku moja alfajiri, bekari, wakati mikate ya kwanza imeshatoka na moto unakufa, akili yake ikawaka. Alitoa viazi vitamu viwili mfukoni mwa koti, akavilaza juu ya trei, akavisukuma ndani ya joto lile la mwisho, akafunga mlango. Akazunguka meza. Akachungulia. Akazunguka tena. Akamrekebisha mkwe namna ya kupanga mikate ambayo mkwe alikuwa ameipanga vizuri. Jua lilipokuwa juu akafungua, na moyo wake ukaruka.

Viazi vilikuwa vimesinyaa, ganda limejikunja, na kila tundu lilikuwa linatoa kitu kizito cha rangi ya kahawia, kinateremka kidogokidogo, kinatuama kwenye trei na kung'aa.

"Mkwe! Njoo uone!"

"Nini, mzee?"

"Sukari! Inatoka! Unaiona kwa macho yako inakimbia!"

Mkwe akainama, akatazama. "Kweli inatoka."

"Wanang'ang'ana na sindano na vidonge. Kumbe ni kukitoa jasho tu! Unga ukiwa na maji mengi unafanyaje? Unaacha moto uyatoe. Kiazi kikiwa na sukari nyingi unafanyaje?"

"Unaacha moto uitoe," mkwe akasema, kwa kuwa ndilo jibu lililotakiwa.

Hesabu ikakaa sawa kichwani mwa Hamira kama mkate kwenye kopo lake. Kiazi kilichobaki baada ya jasho lile kilikuwa kitakatifu. Hakuwa na sababu ya kula kimoja tu. Na nesi mwenyewe alisema ngumi, na ngumi yake ilitosha vyote viwili na kipande. Ule utomvu kwenye trei alikuwa mwaminifu, hakuugusa. Aliukwangua akautupa nyuma ya bekari. Nyuki waliokuja kuunywa walinenepa hata wakawa wanarudi mzingani kwa miguu. Hilo mtu asinibishie, aliwaona.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba atakuwa anapata kiazi chake bekari, asihangaike na sufuria.

"Wanakuchemshia huko?"

"Kinaandaliwa vizuri sana."

Sindano alikata uzi kwa meno, akamtazama juu ya miwani. "Nimekuuliza kuchemsha."

"Hakuna mafuta, hakuna chumvi, hakuna chochote. Nakuapia."

Na hapo hakuwa amesema uongo hata mmoja. Ndiyo hatari ya mtu mzoefu.

Asubuhi alijichoma kidole kwa ile mashine ndogo ya kupimia sukari. Namba ilikuwa juu. Kesho yake, juu zaidi. Akaitikisa mashine. Akabadilisha betri. Akampima mkewe: mkewe yuko sawa. Akampima mkwe, akampima fundi wa baiskeli aliyekuja kununua mkate, wote wako sawa. Fundi wa baiskeli akaondoka ananyonya kidole na kuuliza kama siku hizi mkate unauzwa kwa damu.

"Mashine inanichukia mimi peke yangu," Hamira akamwambia mkwe.

"Labda jasho halijatoka lote, mzee."

Basi akaongeza muda. Viazi vikalala tanurini mpaka vikawa laini kama mto wa mtoto, utomvu ukafunika trei nzima, na Hamira akala kwa bidii ya mgonjwa mtiifu. Kiu ikamshika. Alikunywa maji, akaenda haja, akarudi, akanywa maji. Kidonda kilikuwa palepale, kingo zake nyeupe kama karatasi iliyolowa. Akaacha kukichungulia. Akawa anakipita kwa mbali, ukiweza kukipita kwa mbali kidole chako mwenyewe. Barabarani akawa anatazama miguu ya watu, nani anatembeaje, nani anachechemea. Alimfuata mzee mmoja mwenye fimbo hadi mwisho wa mtaa, halafu akashindwa kusema alichotaka kumuuliza. Akamuuliza saa.

Siku ya kliniki ilipofika alikuwa amevaa tangu kabla ya jogoo. Kiatu cheusi mguu wa kulia, kandambili ya kushoto. Mfukoni alikuwa na kiazi kilichofungwa kwenye karatasi ya mkate, bado cha moto, kama ushahidi.

"Unabeba nini?" Sindano akauliza.

"Nakwenda kuwasaidia wale watu. Wana wagonjwa wengi."

Nesi alimpima. Akaitazama namba, akaifuta mashine, akampima tena. Uso wake haukubadilika, lakini sauti ilishuka zaidi. "Baba, ile habari ya viazi tuliyozungumza…"

"Sijagusa kiazi mviringo hata kwa bahati mbaya. Viazi vitamu tu. Na nimevitengeneza kuliko ulivyoniambia." Akaweka karatasi mezani, akaifungua kama mtu anayefunua kito. Akaeleza: joto la mwisho, jasho, trei, utomvu, nyuki. Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Sindano naye alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa membamba.

"Hiki ndicho unachokula bekari?" akauliza.

"Hiki kisicho na sukari."

Sindano akakata kipande kwa kucha, akakitia mdomoni. Akapitisha ulimi kwenye meno ya juu, kisha ya chini.

"Bwana wewe," akasema, "kama sukari imetoka, hii inayonigandisha meno ni nini?"

Nesi akavuta kiti karibu. "Baba, wewe ni mwokaji. Mkate ukiwa donge bichi ni mtamu?"

"Hapana."

"Na ganda lake likishapata moto?"

Hamira akaanza kukitazama kile kiazi upya. Alijua ganda. Alijua tangu ujana wake kwamba moto huutolea unga utamu ambao haukuonekana. Ndio maana watoto humega ganda kwanza. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa hiyo: kuchukua kitu kisicho na ladha na kukifanya kitamu kwa joto na subira.

"Ndani ya kiazi," nesi akasema, "kuna wanga. Ule moto wa polepole unaugeuza sukari. Hiyo unayoiona ikidondoka ni iliyozidi tu, baada ya nyumba kujaa. Ndiyo maana nilikwambia kuchemsha."

Mguu wa kulia wa Hamira, ndani ya kile kiatu kinachong'aa, ulikuwa unagonga sakafu.

"Na kula viwili?"

"Ulisema ngumi."

"Nionyeshe."

Akaikunja, akaiweka mezani. Nesi akaitazama ngumi ile kwa muda, akaangalia pembeni, mabega yakamtikisika kidogo. "Mama," akamwambia Sindano, "hebu weka ya kwako."

Sindano akaweka ngumi yake, ndogo, kavu, imejaa alama za sindano. Ikakaa kando ya ile nyingine kama ndama kando ya ng'ombe.

"Kuanzia leo," nesi akasema, "unapimiwa kwa hii."

Daktari alipoingia, Hamira alikuwa ameshatoa mguu kwenye kandambili bila kuombwa. Daktari akafungua bendeji. Akainama. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye sinki la kona. Hamira alikuwa anatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ukuta wa jengo la pili, na alikuwa anautazama ukuta ule kama unacheza ngoma.

"Hakijasogea mbele," daktari akasema. "Lakini mfupa haujaguswa, na damu bado inafika. Nitakibadilishia dawa, kiwe kinasafishwa hapa mara kwa mara. Tukiiona sukari inashuka, tutakipa nafasi. Isiposhuka, sitakuwa na maneno mengine."

Hapo, wasomaji wangu, Hamira alisimama wima kama nguzo, akampa daktari mkono, akasema kwa sauti thabiti: "Kosa ni langu, nitalirekebisha." Akatoka nje peke yake, kifua mbele.

Siku hiyohiyo alikwenda kwenye sufuria. Tangu utoto wake hakuwahi kuchemsha hata maji ya kuoga. Alimwuliza mkewe maji yafike wapi. Aliuliza mfuniko uwe wazi au ufungwe. Aliketi kwenye kigoda, akainuka, akafunua, mvuke ukampiga usoni, akafunika, akaketi, akainuka.

"Ukikifunua kila saa hakiivi," Sindano akasema kutoka kwenye cherehani.

"Nakiangalia kisiniharibikie."

"Hakina pa kwenda."

Alipoona kimekaribia, akaazima sindano moja ya mkewe, ile ya kushonea magodoro, akakichoma katikati, akaichomoa na kuitazama kwenye mwanga kama alivyozoea kupima mikate. Kilikuwa kimeiva. Alikula na maganda yake, kimoja, cha ngumi ya mkewe, na mboga za majani kando kama kichaka. Alitafuna muda mrefu.

"Vipi?"

"Kimelowa," akasema. Akatafuna tena. "Lakini kuna kitu ndani yake."

Aliendelea kwenda bekari kila alfajiri, ila akawa anasimama mbali na tanuri, amevaa viatu vya kufunika vidole, na mfukoni hana kitu. Nyuki walikuja, wakazunguka, wakaondoka wamenuna. Namba za asubuhi zilianza kuteremka, si kwa kishindo, ila kama mtu mzima anayeshuka ngazi akishika ukuta. Na katika mojawapo ya safari za kusafishwa kidonda, nesi aliinamisha taa, akamwita Sindano asogee, akamwonyesha uzi mwembamba wa waridi uliokuwa umeanza kuuzunguka ukingo ule mweupe.

"Nyama mpya hiyo," nesi akasema.

Kidole kipo mpaka leo. Kina kovu, na kucha imeota upande, lakini kipo, na mwenyewe anakivisha soksi kabla ya vingine vyote.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Nilikuwa nimeshaweka kalamu chini. Lakini katika nyumba hii kuna mtu anayesoma kila ninachoandika kabla ya mwingine yeyote, na amesimama nyuma ya kiti changu, uzi mdomoni, kidole chake kimekaa juu ya ukurasa.

"Alitoka nje peke yake, kifua mbele?" anauliza.

"Ndivyo nilivyo…ndivyo alivyotoka."

"Alitoka amening'ang'ania mkono mpaka pete ikaniacha alama. Na hiyo sauti thabiti aliitoa wapi? Daktari alimwuliza 'umenielewa, mzee?' mara mbili, nikaitika mimi."

"Ni hadithi, mama. Inahitaji kuumuka kidogo."

"Na hapa. 'Hakuogopa.' Na hapa tena. Umeandika mara ngapi kwamba hakuogopa?" Amevua miwani. Sauti yake imebadilika, haina tena ncha. "Mtu asugue kiatu asichoweza kukivaa, ahamishe kabati langu, awapime watu damu njiani, halafu hakuogopa? Mimi nilikuwepo. Mimi nilikuwa naogopa kwa ajili yetu sote wawili, nawe ukaniacha niogope peke yangu kwa sababu wewe ulikuwa na shughuli."

Mimi, yule aliyewahi kuinua paa la bekari kwa donge moja, nimegeuza kiti nikamtazama.

"Niliogopa," nimemwambia.

"Sana?"

"Sana."

Amepiga kofi dogo begani pangu, akaenda zake jikoni. Sasa tumekaa mezani. Mbele yangu kuna mboga za majani, kuna maharage, na palipokuwa na kiazi, saizi ya ngumi yake, pana sahani nyeupe. Anakila kiazi changu polepole, kama nilivyoapa mwenyewe. Anatafuna hata ganda, kwa makusudi kabisa, anakiweka kila kipande mdomoni na kunitazama.

"Vipi?" nimemwuliza.

"Hakijalowa hata kidogo," anasema.